Jiko Linang'ata

Msasani, Tukuyu
3 Machi 1996

Wifi Winfrida,

Tuli ametoka sasa hivi kulilisha jiko la umeme ulilotuletea. Niligeuka tu kuchukua mwiko, kurudi nikamkuta amefungua ule mlango wa chini, amepanga ndani vipande vya ndizi alivyokwisha kuvitafuna, anasema, "Kula, kula," kama ninavyomwambia yeye akinigomea uji. Nikacheka, nikainama nimbebe. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa jiko ili ajiinue, akakiondoa haraka kama mtu aliyeshika upupu. Hakulia. Alikigeuza kiganja akakitazama mbele na nyuma, halafu akanitazama mimi, akasema, "Mama, jiko linang'ata."

Na mimi nikagusa. Wifi, linang'ata kweli. Si moto, maana jiko lilikuwa la baridi, hata halijawashwa. Ni kama sisimizi wanaotembea ndani ya mfupa mpaka kwenye kiwiko. Sakafu ilikuwa na maji na mimi nilikuwa pekupeku. Nilipovaa malapa nikagusa tena, kimya. Nikavua, likaning'ata.

Usinione sina shukrani. Siku kaka yako Erasto alipolishusha kwenye lori, majirani walijipanga kulitazama kama wanaaga maiti ya mkubwa. Nililifuta mimi mwenyewe kwa mikono yangu, nikasema moyoni, basi Tuli wangu atakua bila kukohoa moshi kama mimi nilivyokua. Hilo sijalisahau, na kila siku nakuombea.

Lakini huyu fundi wako Fred! Wifi, huyu ni fundi redio. Ndani ya waya wa jiko mlikuwa na waya wa kijani wenye mstari wa njano, akaukata kwa koleo akautupa uani. Nikamuuliza, "Huo je?" Akasema, "Huo hauna kazi, Mama Tuli, Wazungu wanauweka kwa urembo." Umeme wa jiko ameuvuta kutoka kwenye waya wa taa ya ukumbini, mwembamba kama kamba ya kiatu. Tukichemsha maji, taa ya ukumbini inafifia na juu ya dari kunanuka kama mtu anachoma ndala. Na swichi kubwa ya nyumba nzima, iliyokuwa ukumbini karibu na mita, ameihamishia chumbani kwa Baba, juu ya kitanda chake, eti kitu kinachotawala nyumba kikae kwa mtawala wa nyumba. Baba amefurahi sana. Siku hizi akitaka kulala anatuzimia wote.

Wewe umekulia hapa, unajua. Mimi na Baba hatukutani chumba kimoja. Akiingia mlango wa mbele mimi natoka wa nyuma. Mwaka wa tatu huu sijamtazama usoni na yeye hajawahi kuniita. Akitaka chumvi anamwambia Mama, Mama ananiambia mimi. Silalamiki, kwetu Nkunga nilifundishwa hivyo hivyo, mke wa mtoto anamwogopa mkwe wake. Ila niambie: jiko likishika moto, au likimshika mtoto, nani atazima? Ninayepika ni mimi, na chumba kile siruhusiwi hata kuchungulia. Mama anashinda shambani. Nimtume nani, kuku?

Nakuomba jambo moja tu. Mwandikie Baba kwamba swichi irudi ukumbini. Wewe ni binti yake, kwako anasikia. Mama anaogopa, na Erasto ndiyo huyo unamjua: mpe lori anaendesha mpaka Dar bila kupumzika, mpe neno la kumwambia baba yake anashika breki papo hapo.

Ndimi wifi yako,
Ikupa, Mama Tuli


Dar es Salaam
9 Machi 1996

Ikupa,

Barua yako imenifikia ikinuka ndizi mbivu. Mwambie mumeo barua haiwekwi kwenye mikungu.

Kwa hiyo siku hizi mkaguzi wako wa umeme ni mtoto wa miaka miwili. Hongera. Akianza kusoma mtamfanya injinia. Mimi nikiwa ofisini na kazi zangu natakiwa niache kila kitu nimwandikie Mzee Enosi kwamba mjukuu wake amehojiwa na ametoa ushahidi kuhusu jiko!

Ngoja nikuambie kitu, na usome pole pole maana najua darasa la saba la Nkunga lilivyo. Huku watu wanapikia umeme kila siku. Majiko hayang'ati. Kinachong'ata ni ushamba. Fred ndiye aliyeifufua redio ya baba wakati mafundi wote wa Tukuyu walishasema itupwe, na redio na jiko vyote vinakula umeme huo huo. Wewe hujawahi kumiliki hata pasi ya umeme, unamfundisha kazi.

Nchi imefunguka, Ikupa. Vitu vinaingia kila siku toka Dubai, kila mtu ruksa kununua, watu wameamka. Ninyi mnapewa jiko bure mpaka mlangoni mnaanza kulihoji kama mgeni asiye na barua ya kanisa.

Pasaka nakuja na Jacob na dada zake wawili, waione nyumba yetu kabla hawajaleta barua ya posa. Dada zake wamezoea nyumba za maana. Sitaki wakute moshi. Sitaki wakute mafiga. Nataka wakute birika linachemka ndani, jikoni, kama kwa watu. Kama huwezi hilo, kaa nyuma kwenye migomba mpaka waondoke.

Habari ya swichi, sahau. Nimwandikie baba yangu kwamba mke wa mtoto wake anataka kutawala umeme wake? Dawa umeshaipata mwenyewe na hata hukujua: malapa. Nimempa Erasto malapa madogo ya Tuli, ya bluu. Mvalishe, na tatizo lako la kisayansi limekwisha.

Winfrida


Msasani
12 Machi 1996

Mjomba Ambindwile,

Shikamoo. Najua tangu siku ya harusi yangu hujakanyaga hapa, na najua sababu. Leo sikuiti kwenye sherehe. Wewe ndiye fundi umeme wa kiwanda cha chai na mimi ni mtoto wa dada yako, basi nisikilize tu.

Wameniletea jiko la umeme. Nikiligusa pekupeku linanipiga shoti, hata kama halijawashwa. Waya wa kijani na njano umekatwa ukatupwa. Nimeuokota uani, ninao. Jiko linakula kwenye waya wa taa. Jana fyuzi ilikatika, fundi akaja akaifunga kwa waya mnene alioutoa kwenye uzio, akasema sasa haitakatika tena milele. Swichi kubwa iko chumbani kwa mkwe wangu.

Wifi amemletea mtoto malapa. Ananiambia dawa ni malapa.

Mjomba, mimi nalitaka jiko hili. Usiniambie nilitupe. Niambie lifanyweje ili lipikie bila kuua.

Mtoto wako,
Ikupa


Kambi ya kiwanda
14 Machi 1996

Ikupa,

Marahaba. Siku ya harusi yako nilisema unaingia katika ukoo unaopenda vitu vipya na kuogopa akili mpya. Wakanitoa nje kwa sababu nimelewa. Nilikuwa nimelewa, na nilisema kweli.

Huyo fundi wenu simjui, ila kwa kazi yake namjua. Wapo wengi tangu madukani kujae vifaa: mtu ananunua bisibisi yenye mpini mwekundu, anaamka fundi. Waya wa kijani na njano si urembo. Unaitwa ethi. Umeme ukipotea njia ukaingia kwenye bati la jiko, ule waya ndio unaoupeleka ardhini, na fyuzi inakatika, na mtu anabaki hai. Akiukata, umeme unakaa kwenye bati unamngoja mwenye miguu maji aje awe ethi yeye. Hicho ndicho kinachomng'ata mwanao. Mtoto kasema sawasawa kuliko wakubwa wote wa nyumba hiyo.

Waya wa taa ni wa taa. Kuutundikia jiko ni kumfunga fahali kwa uzi wa cherehani. Jiko linataka waya wake peke yake, mnene, kutoka kwenye swichi kubwa mpaka jikoni, lisigawane na chochote. Ile harufu ni ganda la waya linayeyuka juu ya dari, na dari zenu ni mbao. Na fyuzi, gwe mwana, ni kitu kilichowekwa kife kabla yenu. Huyo mpumbavu amekizuia kisife, basi mtatangulia ninyi.

Swichi ya jiko iwe ukutani jikoni, mpishi aifikie bila kupitisha mkono juu ya sufuria. Swichi kubwa iwe mahali ambapo yeyote ndani ya nyumba anafika mbio. Yeyote. Kuiweka juu ya kitanda cha mzee ni kama kufungia ndoo ya maji sandukuni ukingoja moto.

Mpaka hapo, pikia kuni. Usilifute jiko kwa kitambaa kibichi. Radi ikianza kule mlimani, swichi kubwa izimwe. Na akishikwa mtu, usimvute kwa mkono, maana mtakuwa wawili. Zima kwanza. Kama huwezi kuzima, msukume kwa mti mkavu. Mkavu, nasema, na Machi Tukuyu sijui mtaupata wapi.

Ningekuja, lakini siingii nyumbani kwa mtu kufungua kuta zake bila yeye mwenyewe kuniita. Nina adabu zangu, hata kama hawaamini. Aniite mwenye nyumba.

Mjomba wako,
Ambindwile


Msasani
17 Machi 1996

Wifi Winfrida,

Malapa yamefika. Tuli ameyapenda mno. Anayavaa mikononi.

Sitaki tugombane. Nimemwandikia mjomba wangu, fundi umeme wa kiwandani, naye ana mdomo mchafu lakini kazi anaijua. Anasema kitu chochote cha bati kinachotumia umeme kinatakiwa kiwe na ule waya wa kijani unaoshuka ardhini, tena jiko liwe na waya wake mnene. Anasema nyumba inaweza kuungua kuanzia darini tukiwa tunakula. Yuko tayari kuja, anachotaka ni neno la Baba tu.

Nimejaribu kupitia kwa Mama. Mama akaingia chumbani, akakaa, akatoka, akasema, "Nimemwambia." Nikamuuliza amejibu nini. Akasema, "Nimemwambia mvua ni nyingi mwaka huu."

Unaona wifi ninavyopata shida? Nalifunika jiko lako kwa kitambaa kikavu cha meza, nimelizungushia mabenchi Tuli asifike, napika nje kwenye kuni huku nimemfunga mgongoni. Fred alipita jana kunywa chai ya kuni, akaniambia niache woga, umeme unamtambua mwenye wasiwasi. Nikamwambia basi utie wewe mkono, viatu uviache mlangoni. Akakumbuka ana redio ya mtu dukani.

Wageni wako nitawapikia, na kwa jiko lako, nakuahidi, nitawapikia mpaka waombe mapishi. Nina hamu ya kulitumia kuliko wewe. Lakini andika, wifi. Mistari miwili tu: mwite mjomba wa Ikupa, swichi ihamishwe. Nakuuliza, kwani utapungukiwa nini?

Ikupa


Dar es Salaam
22 Machi 1996

Ikupa,

Umeniomba nimwandikie baba. Nimemwandikia. Nimemwambia mke wa Erasto amelifunika jiko langu kitambaa kama marehemu, amelizungushia mabenchi, na sasa anataka kumwingiza ndani yule mlevi aliyefukuzwa kwenye harusi. Nimemwambia kitambaa kiondolewe, mabenchi yarudi sebuleni, na chai yake ya asubuhi aidai itoke kwenye jiko.

Sasa ukitaka kupikia kuni, umebishana naye, si mimi.

Kinachonichekesha ni kwamba wewe ndiye ungetakiwa kufurahi. Wanawake wa Msasani wote wangekuwa na jiko kama hilo wangelala pembeni yake. Wewe umeletewa mbingu unaulizia ngazi.

Tutaonana Pasaka. Suka nywele.

Winfrida


Dar es Salaam
28 Machi 1996

Ikupa,

Erasto amefika. Nimemkamua neno moja moja kama ng'ombe aliyekaribia kukauka. Halafu nikasoma barua ambayo baba amemwandikisha mjumbe wa nyumba kumi.

Umeingia chumbani kwa baba mkwe wako. Kichwa wazi. Yeye hana shati. Umepanda juu ya kitanda chake kwa miguu ya matope, umepiga kelele, umeupiga ukuta. Juu ya kitanda chake, Ikupa! Hata huku Dar ambako watu hawana mila sijawahi kusikia hilo. Na yote hayo ili ushinde mashindano ya swichi. Ulisema haiwezekani kuifikia, basi ukaamua kuonyesha kwamba inawezekana.

Nilikuwa nakudharau kwa ujinga wako, sasa nakudharau kwa ujeuri. Kusanya nguo zako uende Nkunga kwa wazazi wako, waje na wazee wao, waombe radhi kama inavyotakiwa, kisha tuone kama utarudishwa. Jacob na dada zake nitawaambia mke wa kaka anauguza.

Na mtoto umwache kwa bibi yake.

Winfrida


Msasani, Tukuyu
1 Aprili 1996

Wifi Winfrida,

Tuli yuko hapa miguuni pangu, ananifungia na kunifungulia kitambaa kama hicho kilichofungwa mkononi mwake, anasema anamtibu mama. Ndiyo, mkono wake una kitambaa. Ulikuwa hujui, eh? Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta neno "Tuli" lenye majeraha, sikulipata. Erasto ukimkamua anatoa maziwa ya juu tu. Na mjumbe aliandika alichotumwa tu: matope yalivyokuwa, si mkono ulivyokuwa.

Basi nikuambie mimi, maana nilikuwepo.

Baba alipopata barua yako, kitambaa kikatolewa, mabenchi yakarudi sebuleni. Mama aliyabeba mwenyewe, hakunitazama. Jumapili mchana mvua ikawa kubwa, maji yakapita chini ya mlango wa uani mpaka jikoni. Mama alikuwa kwa jirani. Nilikuwa nakusanya maji kwa ufagio. Tuli alikuwa amevua malapa yako ya bluu, amefungua mlango wa jiko, analilisha moja moja. Kula, kula. Safari hii alijishikilia pale kwenye chuma cha mbele, wifi, na hakukiachia. Hakusema linang'ata. Hakusema kitu chochote. Alikuwa anatetemeka na macho yake yananitazama.

Nikanyoosha mkono nikasikia mjomba anasema mtakuwa wawili. Nikautazama ufagio, umelowa. Mwiko ulikuwa kwenye uji. Kuni zilikuwa mvuani. Nyumba nzima haikuwa na kipande cha mti mkavu, na dawa ilikuwa upande wa pili wa mlango ambao mimi sijawahi kuugusa.

Niliusukuma kwa bega. Baba alikuwa amekaa kitandani bila shati, anasikiliza redio. Sijui alisema nini. Ndiyo, nilipanda kitandani kwake kwa matope, maana fundi wako aliiweka juu sana. Ndiyo, nilipiga kelele, sijui neno gani. Nilishusha ile swichi, redio ikanyamaza, nikasikia kule jikoni mwanangu analia. Wifi, hujawahi kusikia kilio kitamu kama kile, na nakuombea usikisikie.

Ulisema nilitaka kushinda. Nilishinda nini? Mpaka leo nikifunga macho namwona anatetemeka.

Watu wakaja. Wakakaa vikao vyao viwili, mimi nikiwa jikoni na mtoto kifuani, nasikia mke wa mtoto kafanya hivi, mke wa mtoto kafanya vile. Hakuna aliyesema jiko limefanya nini. Nguo zangu nilikuwa nimezifunga tayari, za Tuli nikazitia juu, maana huyo simwachi, hata uandike kwa wino wa dhahabu. Mwisho Baba akamwambia Mama amletee mjukuu wake. Mama akampeleka. Akaufungua mkono, akautazama muda mrefu, akaufunga. Halafu akasema, mimi nikimsikia ukutani, "Mwiteni yule mlevi."

Basi Jumamosi mjomba Ambindwile akaja, hajanywa, na kwa kuwa hajanywa mdomo wake ulikuwa mbaya zaidi. Kitu cha kwanza, alizima swichi kubwa akaitundikia kofia yake, akasema, "Atakayegusa kofia hii nikiwa na waya mkononi, nitamfuata hata kaburini." Akagusa kila waya kwa testa kabla ya kuugusa kwa kidole, hata ule aliouzima mwenyewe. Nikamuuliza kwani hujiamini? Akasema wanaojiamini aliwazika.

Alipofungua dari alituita wote tutazame. Waya wa Fred ulikuwa umeyeyuka umegandamana na ubao kama mshumaa wa kanisani, na ubao umekuwa mkaa urefu wa mkono wangu. Juu ya pale tunapokula. Fred alikuwepo, alikuja kwa sababu aliitwa. Mjomba akamwekea mkononi kile kipande cha waya wa uzio alichokitia kwenye fyuzi, akamwambia, "Kachungie mbuzi." Baba alikuwa anasikiliza kwenye korido. Mimi nikatoka mlango wa nyuma, nikaingia tena, nikatoka, siku nzima tunazungukana kama saa mbovu.

Sasa jiko lina waya wake, mnene kama kidole cha Tuli. Fyuzi ni fyuzi. Kuna fimbo ya shaba imepigwa ardhini pale penye mgomba wa kwanza, panapolowa mwaka mzima, na waya wa kijani unashuka mpaka pale. Ule niliouokota uani ulikuwa mfupi, mjomba amenirudishia, ameuviringisha kama bangili. Nimeuvaa. Sasa ndiyo umekuwa urembo.

Na swichi kubwa iko kando ya mlango wa jikoni, usawa wa bega langu. Baba alipoulizwa iende wapi, alimwambia Mama amwambie mjomba, "Kwa anayepika."

Nililigusa jiko pekupeku, sakafu nimeimwagia maji makusudi, mjomba amesimama kando ameshika swichi. Kimya, wifi. Bati tu, la baridi. Nililia kidogo. Tuli hajakubali bado. Analirushia ndizi kwa mbali halafu anakimbia. Nampa muda. Atakuja kulitumia yeye mwenyewe siku moja, na atacheka nikimsimulia.

Nkunga sikwenda. Baba yangu mdogo alileta jogoo wa kuomba radhi kwa niaba ya kwetu, Mama akampokea, mambo yakaisha, ila mazungumzo hakuna. Bado Baba anapita mbele, mimi napita nyuma. Sioni vibaya. Heshima naiweza kuliko unavyodhani, mimi ninachoshindwa ni ujinga ukivalishwa heshima.

Karibuni Pasaka. Nitawapikia wageni wako kama nilivyoahidi. Lakini dada zake Jacob wakiniuliza nani alileta jiko nitasema wewe, na wakiniuliza nani alileta fundi nitasema pia wewe. Halafu, wifi, Erasto siku moja alijisahau akaniambia unapikia mkaa, barazani, mnapokezana na wapangaji wenzako. Mimi simcheki mtu anayepikia mkaa, nimekulia kwenye kuni. Namcheka anayepepea mkaa barazani huku anaandika barua ya kunifundisha umeme. Ukija nitakuonyesha jinsi linavyowashwa. Usione haya. Nitakwenda pole pole.

Radi imeanza kule mlimani, sasa hivi, na nimezima swichi kubwa kama nilivyoambiwa. Redio ya Baba imekatika katikati ya matangazo ya vifo, ndicho kipindi anachokipenda kuliko vyote. Namsikia anaigonga gonga. Maskini, anadhani imekufa tena. Mama yuko Kyimo msibani, Erasto yuko njiani na ndizi, hakuna wa kumtuma aje aniulize. Sasa ameacha kuigonga. Sasa anatembea. Miguu imefika kwenye mlango wa jikoni, imesimama kwa nje.

Wifi, mtu anaita. "Mama Tuli." Anakohoa, anaita tena, "Mama Tuli, mwanangu, upo? Nitazame upande gani nisikuone? Washa basi, wanasoma marehemu wa Kyimo." Miaka mitatu sijasikia sauti hiyo ikitaja jina langu. Ngoja nijifunge kitenge kichwani nikamjibu, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba radi haijapita, na katika nyumba hii hakuna anayewasha mpaka anayepika aseme.